Nilienda Kujaribu Gari

Juzi niliingia yadi moja hapa Eldoret nikaomba kujaribu Subaru WRX, ukoo mmoja na ile Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka wa 1997. Kijana wa mauzo akaniuliza, "Mzee, uko tayari kununua?" Nikajibu, "Nikiipenda." Sikudanganya, sivyo? Lakini mfukoni nilikuwa na nauli ya matatu tu.

Tukashika barabara ya Iten. Turbo ikavuma, mshale ukapita 120. Mbele yetu wanariadha walikuwa wanakimbia pembeni mwa barabara. Tena ukitoka mwendo wa 50 hadi 100, umbali wa kusimama tangu ukanyage breki hauwi mara mbili. Ni mara nne. Kijana alishikilia kiti, kimya. Atamkemeaje mteja?

Je, ni dhambi kuonja kitu usichonuia kununua? Luka 14:28 inatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Mimi gharama niliwaachia wengine: petroli ya yadi, muda wa kijana anayeishi kwa kamisheni, na uhai wa wale wakimbiaji. Raha peke yake ndiyo ilikuwa yangu.

Niliporudisha gari nilimwambia ukweli, nikaomba msamaha. Akasema, "Nilijua, mzee. Lakini niliamua kuamini."

Wapendwa, nilidhani najaribu gari. Kumbe mimi ndiye nilikuwa najaribiwa. Wiki hii, kabla hujasema "nikipenda", jiulize ni nani atakayelipa.