Je, Mlango Ukiwa Wazi, Elimu Imekwisha Patikana?

Wako wasemao ya kuwa masomo ya intaneti yameondoa tatizo kongwe la elimu: iliyo njema ni ghali, na iliyo ghali huwafikia wachache. Sir John Daniel, aliyepata kuwa mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, aliyaita mambo hayo, yaani ubora, gharama na kuwafikia wengi, pembetatu ya chuma; naye aliona ya kuwa masomo ya mbali yaweza kuivunja. Neno hili lataka kupimwa, kwani wanaolitumainia zaidi ni maskini.

Mwaka 2011 walimu wawili wa Stanford, Marekani, walifundisha somo moja katika intaneti bila ya malipo. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliomaliza ni kama 23,000. Je, hao wengine? Huambiwa hawakupoteza kitu maana hawakulipa. Hoja hii si ya insafu. Mtu hulipa kwa usingizi wake na kwa tumaini lake, na huku kwetu hulipa pia bando.

Tena aumiaye zaidi ni yule aliyekuja na elimu haba. Mwaka 2013 chuo kikuu cha serikali huko San José, California, kilishirikiana na kampuni ya Udacity kufundisha masomo ya mwanzo kwa dola 150 kila somo. Katika muhula wa kwanza hapana somo ambalo waliofaulu walizidi sana nusu, na mwezi wa Julai mpango ukasimamishwa.

Sasa tazama, ndugu msomaji, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971. Hakikumdai mtu cheti cha shule, lakini kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wa kusahihisha kazi yake na kumwonyesha alipokosea. Somo liliandikwa mara moja likatosha maelfu. Kusahihisha hakukuwa na njia ya mkato. Basi amwondoaye msahihishaji kisha akajisifu kuwa amepunguza gharama, hakuipunguza: amemtwika mwanafunzi.

Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023. Mzazi aulizapo karo, na aulize na hili: msahihishaji mmoja ana wanafunzi wangapi, na kazi hurudi baada ya siku ngapi?