Ndoa Kando ya Kitanda cha Mgonjwa



Kuna kazi moja ya upendo ambayo huenda mkaitiwa siku msiyoitazamia. Tuseme ni usiku, na mama mmoja wa Jumuiya yenu Ndogo Ndogo ya Kikristo anabisha mlangoni. Mume wake amelazwa, madaktari wamesema hali si nzuri, naye mgonjwa anaomba kitu kimoja tu: afunge ndoa kabla Mungu hajamwita. Wameishi pamoja miaka kumi na mitano. Mahari ilitolewa, wazee waliridhika, watoto wamebatizwa. Lakini mbele ya altare hawajawahi kusimama, maana kila mwaka walisema, "Tungoje tupate fedha za arusi." Sasa mama huyu amewajia ninyi kwa sababu anajua mlifunga ndoa. Anawauliza, "Je, yawezekana? Na tuanzie wapi?"

Ndiyo, yawezekana. Kanisa ni mama, wala hawezi kumnyima mwanawe aliye mahututi kile alichokuwa akimhimiza kukitafuta miaka yote alipokuwa mzima. Lakini haraka bila maarifa huharibu. Basi na tujifunze mapema, ili siku hiyo ikifika tuwe msaada wala tusiwe kelele.

Mgonjwa kwanza

Jambo la kwanza ni roho ya mgonjwa. Mwiteni padre aje kumwona, hata kabla cheti chochote hakijapatikana. Wengine hudhani kwamba mtu aliyeishi bila ndoa ya Kanisa hawezi kuungama mpaka avae pete. Sivyo. Aliye katika hatari ya kufa, akitubu kwa moyo wa kweli, hupokea Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya njiani. Kama hakuwahi kupata Kipaimara, padre yeyote aweza kumpa katika hatari hiyo. Mambo ya ndoa yakichelewa, au hata yakishindikana kabisa, mlango wa huruma haufungwi. Mwambieni mgonjwa neno hili waziwazi, maana wapo wanaokufa na hofu ambayo padre angeiondoa kwa dakika chache.

Padre yupi?

Hapa wengi hukosea. Padre wa hospitali, kwa kazi yake, aweza kuungamisha, kupaka mafuta na kuleta Komunyo. Lakini kufungisha ndoa si sehemu ya mamlaka hayo. Ni lazima awe amepewa idhini na Askofu au na paroko wa mahali pale. Vivyo hivyo paroko wenu wa nyumbani. Tuseme parokia yenu iko Machakos na mgonjwa amelazwa Nairobi. Paroko wenu hana mamlaka ya kufungisha ndoa katika parokia ya mwenzake, hata kama amewafahamu tangu ubatizo. Mwenye mamlaka ni paroko wa eneo lile hospitali ilipo. Yeye aweza kufungisha mwenyewe, au kumpa idhini padre wenu au padre wa hospitali. Idhini hiyo ikisahauliwa, ndoa yenyewe yaweza kuwa batili. Kwa hiyo simu ya kwanza iende kwa padre wa hospitali, na swali la kwanza liwe: "Baba, hapa nani ana idhini ya kufungisha ndoa?"

Vyeti na matangazo

Kwa kawaida twatakiwa kuleta vyeti vya ubatizo, kufundishwa, na matangazo kusomwa kanisani. Katika hatari ya kufa Kanisa halilazimishi hayo yote. Kanuni 1068 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba, kama haiwezekani kupata ushahidi mwingine, na hakuna dalili za kupinga, yatosha hao wawili waseme, kwa kiapo ikihitajika, kwamba wamebatizwa na kwamba hawana kizuizi. Hata hivyo, tafuteni mnachoweza kupata. Mtumeni kijana nyumbani alete vyeti vya ubatizo na vitambulisho vya taifa. Kama ndoa ya kimila imeandikishwa serikalini, leteni cheti chake mmwonyeshe padre.

Vipo vizuizi ambavyo Kanisa lenyewe limeviweka, kwa mfano Mkatoliki kuoana na asiyebatizwa. Katika hatari ya kufa Askofu aweza kuondoa karibu vizuizi vyote vya namna hiyo, na asipoweza kufikiwa, paroko au padre mwenye idhini aweza kuviondoa. Kanuni 1079 yaongeza kwamba Askofu anayeweza kupatikana kwa simu tu huhesabiwa kuwa hakufikiwa. Tazameni jinsi mama Kanisa anavyofungua njia kwa ajili ya mtu anayeondoka!

Lakini kizuizi kimoja hakuna awezaye kukiondoa, awe paroko, Askofu au Baba Mtakatifu. Nacho ni kifungo cha ndoa halali iliyotangulia, ambayo mwenzake bado yu hai. Kama mgonjwa alifunga ndoa kanisani ujanani, akamwacha mkewe kijijini, akaja mjini akaanza maisha mengine, ugonjwa haufuti ndoa ile ya kwanza. Msifiche habari hiyo kwa kumhurumia mama aliyemuuguza. Mkificha, mtawasimamisha watu wawili waseme maneno yasiyo na nguvu mbele ya Mungu, na uongo huo utajulikana siku ya matanga. Mwambieni padre ukweli. Yeye anajua namna ya kumsaidia mgonjwa atubu, na namna ya kumfariji mama huyo.

Ridhaa yake mwenyewe

Sasa twafika kwenye moyo wa jambo hili. Ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili. Haifanywi na padre peke yake, wala na familia, wala na pete. Mgonjwa lazima ajue anachofanya na akitake kwa hiari yake.

Aliyepoteza fahamu hawezi kufunga ndoa. Hata kama alisema jana kwamba anataka, hata kama mama yake mzazi analia na kusema, "Mimi namjibia," hakuna anayeweza kutoa ridhaa kwa niaba ya mtu asiyejitambua. Lakini asiyeweza kusema kwa sababu ya mpira ulio kooni, na akili yake i timamu, aweza kukubali kwa ishara iliyo wazi: kutikisa kichwa, kubana mkono, kuandika kwenye karatasi. Muulizeni daktari au muuguzi wa zamu: dawa za maumivu humlegeza saa ngapi, na ni saa ngapi huwa macho vizuri? Saa hiyo ndiyo ya ndoa, hata ikiwa alfajiri.

Mwacheni padre azungumze na mgonjwa peke yao. Msijazane kitandani mkimwambia, "Sema ndiyo, Baba fulani, sema ndiyo!" Mgonjwa ni mnyonge. Huona haya kuwakatalia wanaomlisha na kumwosha. Naye mwenzake aulizwe peke yake vilevile, maana huenda analazimishwa na wakwe wanaosema kwamba mzee hawezi kuzikwa bila ndoa.

Tuseme pia jambo ambalo watu hunong'ona nje ya wadi: shamba. Wapo wanaoharakisha ndoa ili mjane awe na cheti cha kuonyesha mahakamani. Wapo ndugu wanaoizuia kwa sababu hiyo hiyo, wakisema, "Ndugu yetu ni mgonjwa sana, msimsumbue," kumbe macho yao yako kwenye hati ya kiwanja. Si dhambi mume kutaka mkewe na watoto wake wasifukuzwe nyumbani. Hilo ni tunda la upendo na ni wajibu wake. Lakini kama mtu hataki ndoa yenyewe, anataka karatasi tu, hiyo si ridhaa ya ndoa. Ninyi wasimamizi msiwe upande wa shamba. Simameni upande wa mgonjwa na wa ukweli. Mambo ya urithi na wosia yatengenezwe na wakili, siku nyingine, kwa utulivu.

Katika wadi

Ombeni ruhusa kwa muuguzi mkuu wa wadi kabla ya yote. Chumba cha wagonjwa mahututi hakiruhusu umati, na wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wana haki ya kupumzika. Wanaohitajika ni hao wawili, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Watoto wakiruhusiwa, waingie, kwa sababu siku hii wataikumbuka maisha yao yote.

Msiwashe mshumaa karibu na mgonjwa anayepumua kwa oksijeni, moto waweza kutokea. Pete ikikataa kuingia kwa sababu vidole vimevimba, msiilazimishe, maana ndoa haisimami kwa pete. Padre atafupisha ibada. Ridhaa ndiyo isiyoweza kuachwa: kila mmoja amkubali mwenzake, na kuahidi uaminifu wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Sisi tuliyasema maneno hayo tukiwa na afya njema, tukifikiria zaidi karamu. Mwenzetu atayasema huku sindano iko mkononi, na aliye kando yake atajua kabisa anachokiahidi.

Na kama padre hawezi kupatikana kabisa? Kanuni 1116 yasema kwamba katika hatari ya kufa, kama padre au shemasi mwenye idhini hawezi kufika bila shida kubwa, hao wawili waweza kufunga ndoa halali mbele ya mashahidi wawili peke yao, wakikusudia ndoa ya kweli. Kama yuko padre mwingine karibu, hata asiye na idhini, aitwe awepo. Hii si njia ya mkato kwa wavivu wa kupiga simu. Ni mlango wa dharura, nao hutumiwa nyumba inapoungua. Mashahidi, pamoja na wana ndoa, wana wajibu wa kumjulisha paroko mara moja ili ndoa iandikwe.

Kumbukeni pia sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 hutaka waoanao wawe wametimiza miaka 18, wote wawili wawepo, na ndoa ya Kikristo ifungishwe na mhudumu wa kanisa mwenye leseni. Kwa hiyo ndoa ya mashahidi peke yao, ingawa ni halali katika Kanisa, haitoshi kuwa cheti cha serikali. Padre akifungisha, hakikisheni fomu zimetiwa sahihi kabla hamjatoka wadini. Asiyeweza kushika kalamu aweke alama ya kidole.

Akiondoka, akipona

Akifariki kesho yake, aliyebaki ni mjane wa ndoa takatifu, aitwe hivyo kaburini na baadaye. Jumuiya isimnong'onee kwamba "aliolewa siku moja tu." Siku moja ya ndoa ni ndoa.

Na akipona? Wapo wanaopona, ashukuriwe Mungu. Basi wasije wakasema, "Ile ilikuwa ya hospitali." Haikuwa ya majaribio. Inawafunga mpaka kifo kama ndoa yoyote iliyofungwa mbele ya kwaya na vigelegele. Hawarudii ndoa. Wakipenda, waombe Misa ya shukrani, na wapike chakula kadiri ya uwezo wao. Na ninyi mliowasimamia, muwatembelee. Mtu aliyefunga ndoa akidhani anakufa, kisha akarudi kwenye karo, kodi ya nyumba na ugomvi wa kawaida, anahitaji kufundishwa yale ambayo hakupata nafasi ya kufundishwa.

Msingoje kitanda

Wapendwa, ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jumuiya yenu mnawajua wale wanaoishi njoo-tuishi kwa miaka mingi, wazuri, wenye bidii, wanaotoa zaka, lakini wakati wa Komunyo hubaki kwenye benchi. Wengi hawalikatai Kanisa. Wanaogopa gharama. Nendeni kwao jioni moja, baba na mama pamoja, bila kuwaaibisha. Waambieni kwamba parokia nyingi hufungisha arusi za pamoja, ambako nguo safi yatosha na chakula huchangwa na jumuiya. Waambieni kwamba ninyi mko tayari kuwasimamia. Waelezeni kwamba Bwana wetu alipokwenda arusini Kana hakuuliza ukubwa wa hema. Alipoona divai imekwisha, alisaidia.

Nanyi wenyewe, usiku wa leo, kabla ya kulala, ulizaneni swali hili: kama mmoja wetu angelazwa kesho, je, ningemwahidi tena niliyomwahidi siku ile? Jibuni mkiwa wazima, mkiwa mmeshikana mikono. Kisha mwombeeni yule mgonjwa msiyemjua, ambaye usiku huu anamngojea padre, ili afike kwa wakati.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.