Ukikutana na Nyota Pale Makambako

Ijumaa ya tarehe 22 Julai 2016, mwanamuziki wa Kongo Koffi Olomide alitua Nairobi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, akiwa na wanenguaji wake. Kamera za waandishi zilikuwa zikimsubiri. Mbele ya kamera hizohizo akarusha teke na kumpiga binti mmoja wa kundi lake. Muda si mrefu picha zikafika kwenye simu za Afrika Mashariki yote. Mwanzoni alikana, baadaye akaomba radhi. Kenya ilimkamata na kumrudisha kwao, onyesho likafutwa. Zambia nako wakafuta lao, na huko Kinshasa akawekwa ndani siku kadhaa.

Mashabiki wengi tulishika vichwa kwa mshangao. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo siku nyingi. Mwaka 2012 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kifungo cha nje cha miezi mitatu kwa kumshambulia mtayarishaji wa muziki wake. Mwaka huohuo, mjini Lusaka, alituhumiwa kumpiga mpigapicha. Habari hizi zilitangazwa redioni na kuandikwa magazetini. Tulizisikia, tukasema "wasanii ndivyo walivyo", tukaongeza sauti ya muziki.

Zito zaidi lilitoka Ufaransa. Wanenguaji wanne waliokuwa naye kati ya 2002 na 2006 walieleza mahakamani kwamba hata kutumia simu ilibidi waombe ruhusa, na malipo yalikuwa ya nadra. Mwaka 2019 mahakama ya Nanterre ilimtia hatiani kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wao, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Desemba 2021 mahakama ya rufani ya Versailles ilimwondolea mashtaka ya kingono, ila ikampa kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwazuia mabinti hao kinyume cha sheria. Kati ya hukumu hizo mbili, Novemba 2020, alitoka na Diamond Platnumz katika wimbo "Waah!", nasi tukaucheza harusini.

Siandiki habari za Koffi ili muache kusikiliza nyimbo zake. Ninaandika kwa sababu ya mji wa Makambako, mkoani kwetu Njombe. Pale barabara ya Njombe na Songea inapoungana na ile kuu ya Iringa na Mbeya, magari ya wasanii husimama ili watu wapate chakula, kisha safari ikaendelea. Wengine huja hadi Njombe mjini kupiga shoo uwanja wa Sabasaba. Kwa hiyo kijana wetu anaweza kuinua macho kwenye sahani ya chipsi akamwona mtu anayemjua kwa bango tu. Siku hiyo akili huruka. Hata mimi na umri wangu, nikimkuta ninayempenda, sidhani kama ningekumbuka kumuuliza jambo la maana.

Kosa letu ni kudhani kwamba sauti nzuri ni ushahidi wa moyo mzuri. Mtu anaweza kukuliza kwa gitaa na bado asifae kukabidhiwa mtoto. Basi piga naye picha, mshukuru, nunua tiketi. Ila maneno yake yakigeuka kuwa "wewe unajua kucheza, twende Dar", hapo simama.

Tazama dalili. Anataka muondoke leoleo, kabla wazazi hawajajua. Hakuna mkataba, na ukiuliza mshahara anacheka. Anataka ashike simu yako au kitambulisho chako. Wanenguaji wa zamani hawaonekani, na wakitajwa anawatukana. Mbele yako anamfokea dereva au anamsukuma mtu wa chini yake, na wote waliomzunguka wananyamaza. Hiyo ya mwisho usiipuuze kabisa. Anavyomtendea yule ndivyo atakavyokutendea wewe ukishazoeleka.

Wazazi wa Njombe hatuhitaji kufundishwa hili na Wafaransa. Mkoa wetu umeaga mabinti wengi waliokwenda mjini kufanya kazi za ndani kwa ahadi ya mdomo, na wapo waliorudi bila hata nauli. Ahadi ya jukwaa nayo ni ahadi ya kazi. Ipimwe vilevile: nani mwajiri, analipa nini, binti atalala wapi, na atampigia mama yake lini. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hata kama anacheza kuwashinda wakubwa. Msanii anayefanya kazi kihalali anajulikana Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), naye hatachukia mzazi akiomba mkataba ausome. Na palipo na shaka, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Tuupende muziki, ndugu zangu. Lakini tukisikia habari mbaya ya tunayempenda, tuisikilize hadi mwisho kabla hatujamtetea.