Mwache Amalize

Mtoto wa miaka 3 anakuja mbio kutoka uani: "Ma-ma-mama, ku-ku-kuku katotoa!" Nawe, kwa mapenzi kabisa, unamkatiza: "Sema polepole!" Hapo naomba tutulie kidogo. Kati ya miaka 2 na 5 watoto wengi hupitia kigugumizi cha muda. Maneno ni mengi, ulimi bado unajifunza, na wengi wao huacha wenyewe. Usimmalizie neno. Inama, mtazame usoni, ngoja. Na kaka zake wasimuige na kumcheka, tafadhali. Kicheko hicho huuma kuliko kigugumizi chenyewe. Kigugumizi kikizidi miezi 6, au akianza kukunja uso na kuogopa kusema, mpeleke hospitali aonwe na mtaalamu wa tiba ya usemi.