Je, Ahadi Yaweza Kulipwa kwa Fedha?

Hapa Ndungu wapenzi wa Yanga na wa Simba hawachoki kushindana, na liko neno moja ambalo wangali wakilirudia. Desemba 2022 Feisal Salum, Mzanzibari aliyechezea Yanga, aliilipa klabu yake shilingi milioni 112, akasema kwamba amekwisha kuuvunja mkataba wake. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira ikaamua kwamba yeye angali mchezaji wa Yanga. Wengine humwita msaliti. Wengine hunena, “Amelipa, adaiwa nini tena?”

Mimi nakumbuka mashamba yetu ya mpunga. Kibarua amepatana nawe kupandikiza miche, akapokea fedha mbele. Katikati ya kazi akakurudishia fedha yako yote, akaenda kwa jirani alipaye zaidi. Hukupungukiwa hata senti moja, walakini miche yazeeka kitaluni, na zamu yako ya maji yapita. Deni limelipwa, neno halikutimizwa. Kwa hiyo naona Feisal alifanya kosa kuondoka kabla ya kupatana, jambo ambalo vilabu vililifanya Juni 2023, naye akaenda Azam kwa amani.

Lakini hao wamwitao msaliti nawauliza neno. Bernard Morrison alipotoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020, wapenzi wa Yanga walimlaani. Aliporudi mwaka 2022, walimpokea kwa shangwe. Na yule jirani aliyempokea kibarua wako, je, hakujua ametoka shamba la nani?