Nusu kwa Nusu

Kuna aina ya meneja anayesifiwa sana Nairobi: yule hachukui upande. Watu wakikosana anawaita chumba cha mikutano, anasikiliza dakika kumi, kisha anasema, "Nyinyi ni watu wazima, kila mtu ana makosa yake. Ombaneni msamaha turudi kazini." Ofisi nzima inamwita mtu wa haki. Mimi namwita mvivu.

Niliwahi kuandikia kampuni moja ya matangazo, nikilipwa kwa makala. Dada mmoja pale aliandaa pendekezo la mteja kwa wiki mbili, na jamaa wa meza ya pili akaliwasilisha kama lake. Dada akalalamika mkutanoni, sauti ikapanda kidogo. Uamuzi? Jamaa aombe radhi kwa "kutoelewana", dada aombe radhi kwa hasira. Nusu kwa nusu. Sasa piga hesabu: mmoja kapoteza wiki mbili na bado anatozwa faini ya kukasirika, mwingine kabaki na sifa. Na faili ilikuwa pale, historia yake inaonyesha nani aliandika nini, saa ngapi. Hakuna aliyeifungua.

Kwa hivyo usiniambie ati kutochukua upande ni kutokuwa na upande. Usipouliza nani alifanya nini, mambo yanabaki yalivyokuwa, na yalivyokuwa yana mwenyewe. Mwanaume akipaza sauti, yuko siriasi na kazi. Mwanamke akipaza, ana shida nyumbani. (Na nani huombwa kuandika kumbukumbu za mkutano na kuitisha chai? Tuendelee.)

Wengine watasema basi mwanamke aaminiwe papo hapo. Hapo pia nakataa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mtu, kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi mwenzake akiwepo akitaka, na asikilizwe. Huyo ni mtu anayekaribia kufutwa, sawa, lakini ugomvi mdogo pia una ukweli wake. Jamaa angeulizwa vizuri, naye angetendewa haki, hata kama angeshindwa.

Najua kuuliza kuna gharama. Yule jamaa ndiye alileta wateja wakubwa, na meneja naye ana bosi. Lakini gharama haikupotea, bana. Dada aliilipa. Aliondoka kabla ya Krismasi, na tangazo la nafasi yake likasema wanatafuta mtu "anayeelewana na timu".