Sheria ya Bunge na Sheria ya Mungu: Muumini Aombe Nini?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:24, Mwanzo 24:57, 58, Isaya 10:1, 2, Danieli 6, Mathayo 19:3–8, Mathayo 22:15–22, Warumi 13:1–10.

Fungu la kukariri: Mathayo 22:21.

Kila Bunge linapokaa Dodoma kujadili ndoa, pombe, michezo ya kubahatisha au malezi ya watoto, waumini huulizana la kufanya. Wapo wanaosema Mkristo asimwombe mbunge wake kitu chochote, kwa kuwa ufalme wa Kristo si wa ulimwengu huu. Wapo wanaosema aombe kila agizo la Biblia liwe sheria ya nchi, na asiyelitii afungwe. Kati ya hao wawili, ni nani aliye karibu na Maandiko? Tulipime swali hili kwa sheria inayogusa kila nyumba, kuanzia Dodoma hadi Simbo mkoani Kigoma: Sheria ya Ndoa.

Sheria ya mwaka 1971

Kabla ya mwaka 1971, ndoa nchini ziliongozwa na taratibu nyingi: za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 ilizikusanya chini ya paa moja. Lilikuwa jambo kubwa, na lilihitaji kila upande uachie kitu. Katika maafikiano hayo, kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Mahakama ilipewa uwezo wa kuruhusu hata miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kilitaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mama. Na wote wakiwa hawapo, ya mlezi.

Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo mahakamani. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilitungwa kwa kuzingatia mila na dini za wananchi. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Hata hivyo, miaka kadhaa baada ya hukumu, vifungu vile vilikuwa bado katika vitabu vya sheria, huku maoni yakiendelea kukusanywa, ya viongozi wa dini yakiwemo. Kwa hiyo neno la watu wa dini katika jambo hili lina uzito. Lazima lipimwe kabla halijasemwa.

Hoja za wanaotaka isiguswe

Wako watu wacha Mungu, Wakristo na Waislamu, wanaoona kwamba Bunge lingeiacha sheria hiyo ilivyo. Si haki kuwadharau. Wanasema kwanza kwamba ndoa iliwekwa na Mungu pale Edeni, si na serikali. Pili, wanasema ni heri binti aolewe mapema kuliko aanguke katika uasherati. Tatu, wanahofu kwamba Bunge likibadili umri leo, kesho litabadili na maana yenyewe ya ndoa.

Hoja ya kwanza ni kweli, lakini inaamua kinyume cha wanavyodhani. Mwanzo 2:24 husema juu ya mtu anayewaacha wazazi na kuambatana na mwenzi wake. Anayeweza kuacha na kuambatana ni mtu mzima. Tena katika Mwanzo 24, ingawa mahari ilikwisha kutolewa na ndugu walikwisha kukubali, Rebeka aliitwa akaulizwa kama atakwenda. Jibu lilikuwa lake. Mtoto anayekubaliwa na baba kwa niaba yake hajaulizwa.

Hoja ya pili inageuza ndoa kuwa kifuniko. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, huhesabu kuwa ni ubakaji mwanamume kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18, hata akikubali; lakini humwondolea kosa hilo mume ambaye mkewe ana miaka 15 au zaidi. Tendo ni lile lile na mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni sherehe tu. Je, usafi wa moyo huletwa na sherehe?

Hoja ya tatu ni hofu halali. Lakini hofu ya mswada ambao haujaandikwa haiwezi kuwa sababu ya kumnyima ulinzi mtoto aliyepo leo. Mswada mbaya ukija, na upingwe kwa ubaya wake wenyewe.

Mbao mbili

Hapa historia ya kanisa inasaidia. Mwaka 1888, katika Seneti ya Marekani, Seneta Henry W. Blair alipeleka mswada wa kuifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko na ibada kwa taifa zima. Desemba mwaka huo Alonzo T. Jones, mhubiri wa Kiadventista, alisimama mbele ya kamati ya Seneti kuupinga. Angeweza kuomba kwamba siku iwe Jumamosi. Hakufanya hivyo, alieleza kwamba hata sheria ya kuilazimisha Jumamosi angeipinga vivyo hivyo. Mswada haukupita.

Lakini katika miaka hiyo hiyo Waadventista walishirikiana na wengine kutaka sheria za kuzuia pombe, na Ellen G. White aliwahimiza waumini kupiga kura upande huo. Je, walijipinga wenyewe? La. Katika Warumi 13 Paulo anazungumza juu ya mamlaka, kisha anataja amri: uzinzi, uuaji, wizi, tamaa. Zote ni za ubao wa pili, zile zinazomhusu jirani. Amri za ubao wa kwanza, za kumwabudu Mungu, hakuzitaja pale. Mlevi humpiga mke na huwalaza watoto njaa. Hilo ni jambo la jirani, na Kaisari ana haki ya kulizuia. Sabato ni ya Mungu na dhamiri. Hapo Kaisari hana kiti. Danieli alimtumikia mfalme kwa uaminifu katika mambo ya ufalme, lakini amri ya mfalme ilipoingia chumbani mwake kwa maombi, hakuitii.

Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 19, inaacha ibada kuwa hiari ya mtu. Anayetaka serikali ishike fimbo kwa ajili ya imani yake akumbuke usemi wa wahenga: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kesho fimbo hiyo inaweza kushikwa na mwingine.

Basi kipimo ni hiki: muumini anaweza kuomba sheria imlinde jirani, asiombe sheria imfanye jirani kuwa mtakatifu. Umri wa ndoa uko upande gani?

Nyumba moja ya Simbo

Tufikirie mfano. Huko Simbo kuna binti wa miaka 15. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea. Baba yake analima mihogo na ana michikichi michache ya mawese. Mwaka huu mavuno ni haba. Anakuja mchumba mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ujiji, mtu wa heshima, mwenye mahari mkononi. Baba anakwenda kwa mzee wa kanisa: “Mzee, sheria inaruhusu, nami baba yake nimekubali. Kanisa linasemaje?”

Kama binti angekuwa shuleni, jibu lingekuwa rahisi, kwa kuwa tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inamtishia anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kifungo cha hadi miaka 30. Lakini huyu si mwanafunzi. Aliyekosa shule ndiye aliyekosa na ulinzi. Isaya 10 inawaonya watunga sheria ambao maandishi yao huwanyima maskini haki yao.

Mzee anaweza kumjibu kwa Mathayo 19. Mafarisayo waliuliza kilichoruhusiwa. Yesu aliwaonyesha kilichokusudiwa tangu mwanzo, na kwamba ruhusa nyingine zilitolewa kwa ajili ya ugumu wa mioyo. Ruhusa ya Bunge haimlazimishi mchungaji kufungisha ndoa, wala mzazi kupokea mahari.

Lakini mzee akiishia hapo, amemwachia baba yule njaa yake. Bunge linaweza kuandika 18 mahali pa 15. Haliwezi kumpelekea binti sare, wala kumfundisha ushonaji, wala kumpa baba yake debe la mahindi mpaka msimu ujao. Kazi hiyo ni ya Dorkasi, ya mashemasi, na ya sadaka ya maskini. Kanisa linalomwandikia mbunge barua huku limefunga mfuko limesema nusu ya neno. Na binti mwenyewe, kama Rebeka, aitwe aulizwe anataka nini.

Maswali ya kujadili

1. Taja dhambi moja ambayo serikali inapaswa kuizuia, na nyingine ambayo haipaswi kuigusa. Mmetumia kipimo gani kuzitenganisha?

2. Jirani Mwislamu anaamini kwamba dini yake inaruhusu ndoa ya mapema. Mnaweza kuzungumza naye namna gani juu ya ulinzi wa mtoto bila kumlazimisha imani yenu?

3. Kama Bunge lingependekeza Jumamosi iwe siku ya lazima ya ibada kwa wote, darasa lenu lingeunga mkono? Kwa nini?

4. Je, katika kanisa lenu kuna binti aliyeacha shule kwa kukosa mahitaji? Kabla ya Sabato ijayo, ni nani atakwenda nyumbani kwao, na atakwenda na nini mkononi?